Carl Jung, munganga wa aina za watu aliyepita ng'ambo ya Ziwa Albert

Vijana wawili, telefone moja, na filamu ya katuni imeisha sasa hivi. Hapo ndipo ubishi unaanza. Mmoja anasema Simba, yule mtoto wa mfalme, ni mtu wa watu: anapenda kundi, anapenda kelele, hawezi kukaa peke yake. Mwenzake anakataa katakata. Mtu wa watu gani anakimbia nyumbani na kuficha uchungu wake miaka na miaka bila kumwambia hata rafiki? Basi wanatoa zile herufi nne nne walizosoma kwenye intaneti, kila mhusika na herufi zake: Simba hizi, Rafiki zile, Scar zingine kabisa. Umeme ukikatika, ubishi unaendelea gizani. Bunia inajua ubishi wa namna hiyo, sawa vile Goma, Kisangani ao Kampala.

Wachache kati ya wabishi hao wanajua maneno wanayotumia yametoka wapi. Introverti, mtu ambaye nguvu yake inaelekea ndani, na ekstraverti, mtu ambaye nguvu yake inaelekea nje, ni maneno yaliyoenea duniani kupitia kitabu cha 1921 cha munganga mmoja wa Uswisi, Carl Gustav Jung. Na wachache zaidi wanajua kwamba mwanzoni mwa 1926 munganga huyo alipita kwenye Ziwa Albert, lile lile ambalo linaleta samaki wa Kasenyi na Tchomia. Hakufika Bunia. Alipita ng'ambo, upande wa Uganda, akielekea Sudan.

Maisha yake yana jambo ambalo mtu wa Ituri anaweza kulisikia vizuri kuliko wengi. Kutambua namna ya mtu ni kitu kimoja. Kumfungia mtu ndani ya namna hiyo ni kitu kingine. Jung alifundisha tofauti hiyo maisha yake yote. Na kumbe, hapo hapo ndipo alipojikwaa.

Mtoto wa pasta

Carl Jung alizaliwa tarehe 26 mwezi wa saba 1875 katika kijiji cha Kesswil, kando ya ziwa Constance, upande wa Uswisi. Baba yake, Paul, alikuwa pasta wa kanisa la Kiprotestanti. Mama yake, Emilie, naye alizaliwa katika nyumba ya mchungaji. Heshima ilikuwepo, feza ilikuwa kidogo. Familia ilihama kufuata kazi ya baba, na mwishowe ikakaa karibu na mji wa Basel.

Nyumba ile haikuwa na utulivu mwingi. Baba alianza kupoteza imani ambayo alikuwa akiihubiri kila siku ya Mungu, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Mama alikuwa kama watu wawili: mchana mwanamke mcheshi, mwenye mkono mzuri wa kupika, usiku ukiingia, mtu mwingine, wa ajabu, ambaye mtoto alimwogopa. Carl alizoea kucheza peke yake, juu dada yake Gertrud alizaliwa yeye akiwa karibu na miaka tisa. Alipofika miaka kumi hivi, alichonga mtu mdogo kutoka kwenye rula ya mti, akamlaza ndani ya kisanduku cha kalamu, akamficha darini. Hakuna aliyejua. Siku ya shida alipanda kwenda kumtazama, na roho yake ikatulia.

Polepole aliona kwamba hata yeye ndani yake kuna watu wawili. Wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa kawaida, mwenye viatu vibovu na noti mbaya za hesabu. Wa pili alikuwa mzee wa zamani, mwenye heshima, anayejua mambo ambayo mtoto hawezi kujua. Jung hakuona hiyo kuwa ni ugonjwa. Baadaye alisema kila mtu ana pande hizo mbili, ila wengi hawazisikii.

Alipokuwa na miaka 12, mtoto mwenzake alimsukuma, akaanguka na kugonga kichwa kwenye jiwe la kando ya barabara. Wazo moja lilimpitia: sasa shule basi. Tangu siku ile alianza kuzimia kila alipoambiwa arudi kusoma, na akakaa nyumbani zaidi ya nusu mwaka, akitembea porini na kusoma vitabu vya baba. Siku moja alimsikia baba yake akimweleza mgeni wasiwasi wake: feza imekwisha, na kama mtoto huyu haponi, atakula nini akiwa mkubwa? Carl alishtuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye vitabu vya shule. Akazimia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara akaamka na kuendelea. Baada ya majuma machache alirudi darasani. Alikuwa ameonja mwenyewe jinsi roho inavyoweza kumfunga mtu mwili, na jinsi mtu anavyoweza kujifungua.

Wagonjwa wa Zürich na rafiki wa Vienna

Baba yake alikufa mwaka 1896, wakati Carl alikuwa mwanafunzi wa uganga kwenye chuo kikuu cha Basel. Jamaa walimkopesha feza ya kumaliza masomo. Alipomaliza mwaka 1900, alichagua kutibu wagonjwa wa akili. Wenzake walishangaa, maana kazi hiyo ilidharauliwa sana.

Alianza kwenye hospitali ya Burghölzli, mjini Zürich, chini ya munganga mkubwa Eugen Bleuler. Huko alitumia jaribio moja rahisi. Unamtajia mtu neno, yeye anajibu kwa neno la kwanza linalomjia, na wewe unapima kwa saa amechukua muda gani. Kwa neno mkate anajibu upesi. Kwa neno maji anajibu upesi. Ghafla, kwa neno lingine la kawaida tu, anakwama, anacheka bila sababu, anasahau. Hapo, Jung aliona, ndipo pana kidonda. Kazi hiyo ilimpatia jina, na neno kompleksi likaingia katika maneno ya kila siku ya Wazungu.

Mwaka 1903 alimwoa Emma Rauschenbach, binti wa mwenye kiwanda tajiri wa Schaffhausen. Walizaa watoto watano na kujenga nyumba Küsnacht, kando ya ziwa la Zürich. Ndoa haikuwa rahisi. Jung alikuwa na uhusiano wa miaka mingi na mwanamke mwingine, Toni Wolff, ambaye alikuwa pia msaidizi wake wa kazi, na Emma alibeba mzigo huo huku naye akijifunza kazi ya kutibu roho.

Mwezi wa tatu 1907 Jung alikwenda Vienna kumwona Sigmund Freud, aliyemzidi miaka 19. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza walizungumza karibu masaa 13. Freud aliona amepata mrithi. Mwaka 1909 walisafiri pamoja mpaka Marekani, na mwaka 1910 Jung akawa rais wa kwanza wa shirika lao la kimataifa. Lakini Jung hakukubali kwamba tamaa ya mwili ndiyo mzizi wa karibu kila shida ya roho. Freud naye hakupenda kupingwa na mtu aliyemwona kama mtoto wake. Mwaka 1913 waliachana kabisa.

Baada ya hapo Jung alianguka katika giza. Aliona maono, aliandika ndoto zake na kuzichora rangi katika kitabu kikubwa chenye ngozi nyekundu, ambacho watu wa nje waliweza kukisoma mwaka 2009 tu. Mchana aliendelea kutibu wagonjwa na kula na watoto wake. Usiku alipambana na roho yake.

Swali lililozaa kitabu

Katika miaka ile swali moja halikumwacha. Freud alikuwa mtu mwenye akili. Alfred Adler, munganga mwingine aliyeachana na Freud, naye alikuwa mwenye akili. Mgonjwa ni yule yule. Kwa nini mmoja anaona tamaa na mwingine anaona kiu ya uwezo? Jung akafikiri: labda hakuna anayedanganya. Labda watu wanazaliwa na macho tofauti.

Mwaka 1915 alianza kuandikiana barua na rafiki yake Hans Schmid-Guisan, munganga wa Basel, juu ya jambo hilo. Walikuwa wamechaguana vizuri: Jung alikuwa mtu wa ndani, wa kufikiri, Schmid alikuwa mtu wa nje, wa moyo. Kila mmoja alitaka kumweleza mwenzake jinsi anavyoiona dunia. Barua zilianza kwa upole, zikawa kali, na mwisho zikakatika bila mapatano. Watu wawili waliosoma, waliopendana, waliokaa kutafuta namna watu wanavyotofautiana, walishindwa kuelewana juu ya tofauti yao yenyewe. Hata hivyo Jung alimshukuru Schmid mwanzoni mwa kitabu chake, maana bila ubishi ule kitabu kisingezaliwa.

Kitabu kilitoka 1921. Mafundisho yake yanaweza kuelezwa kwenye soko la Bunia, mbele ya meza ya samaki. Watu wanne wanafika. Wa kwanza anaona samaki kama alivyo: macho yake, harufu yake, bei yake. Wa pili anauliza kwa nini bei imepanda, na anatafuta sababu mpaka aipate. Wa tatu anapima kama ununuzi huu ni mwema: je, ni haki kumbishia mama huyu ambaye amelala njiani? Wa nne hata samaki hamtazami sana. Ananusa tu kwamba juma lijalo barabara itaharibika na samaki watakosekana. Kuhisi kwa mwili, kufikiri, kupima thamani, na kunusa yanayokuja: hizo ni njia nne za Jung. Kila njia inaweza kuelekea ndani ao nje, na hivyo anapata aina nane.

Ila watu wengi wanaishia hapo na kusahau sehemu ya pili. Kwa Jung, kila mtu ana njia zote nne. Moja inatangulia, na ile inayoipinga inabaki nyuma, kama mtoto ambaye hakupelekwa shule. Ile ya nyuma ndiyo inayomwaibisha mtu siku ya hasira ao ya mapenzi. Kazi ya maisha, hasa baada ya miaka 40, ni kumrudia mtoto huyo na kumlea. Mtu anayejua aina yake na kutulia hapo amesoma nusu ya kitabu.

Wahusika wa hadithi mezani

Hapa wabishi wa katuni watafurahi: Jung mwenyewe alifanya kazi yao. Sura moja ndefu ya kitabu chake haizungumzii wagonjwa, inazungumzia wahusika wa kubuni. Mshairi wa Uswisi Carl Spitteler alikuwa ameandika hadithi ya ndugu wawili, Prometheus na Epimetheus, majina yaliyotoka katika hadithi za kale za Wagiriki. Prometheus anasikiliza roho yake tu, anakataa ufalme, anateseka peke yake. Epimetheus anakubali masharti, anapewa ufalme, watu wanampenda. Jung aliwaweka mezani kama mtu anayechambua majirani: huyu ni wa ndani, yule ni wa nje.

Lakini hakuishia kwenye jina. Aliuliza kila mmoja amekosa nini. Mfalme anayependwa na wote, siku kitu cha thamani kinapoletwa kwa watu wake, hakitambui. Mpweke anayekilinda hana mikono ya kukifikisha kwa watu. Kila ndugu amebeba kile ambacho mwenzake amekikosa, na inchi inaumia mpaka wakutane. Kwa Jung, hadithi nzuri inafaa kubishiwa juu ya sababu hiyo: wahusika wake ni vipande vya mtu mmoja.

Mombasa, Elgon, Ziwa Albert

Mwezi wa kumi 1925, akiwa na miaka 50, Jung alipanda meli kwenda Afrika ya Mashariki. Alikuwa na wenzake wawili, Mwingereza Godwin Baynes na Mmarekani George Beckwith. Baynes huyo ndiye aliyekuwa ametafsiri kitabu cha aina za watu kwa Kiingereza, tafsiri iliyotoka 1923. Melini walimfahamu mwanamke wa Kiingereza, Ruth Bailey, ambaye baadaye alijiunga nao. Tarehe 12 mwezi wa kumi na moja walifika Mombasa, wakapanda treni kwenda Nairobi.

Kwenye mwisho wa reli, walipokuwa wakingojea gari, mzee mmoja Mwingereza aliyekaa Afrika miaka mingi alimsogelea Jung na kumpa ushauri wa bure. Alimwambia inchi hii ni ya Mungu, haiko ya mwanadamu, kwa hiyo jambo likitokea, kaa chini tu, usihangaike. Jung alilikumbuka neno hilo mpaka uzee wake.

Kutoka Kakamega walikwenda kwa miguu na wapagazi mpaka mlima Elgon. Huko Jung alikaa majuma kadhaa na watu wa mlima, akizungumza nao kwa msaada wa mkalimani na kamusi ndogo ya Kiswahili. Aliwauliza juu ya ndoto. Mzee mmoja, mtabiri wa ukoo wake, alimjibu kwa machozi. Zamani watabiri waliota, wakajua kama vita inakuja, kama mvua itanyesha, wapi pa kupeleka ng'ombe. Tangu Wazungu wafike, hakuna anayeota tena; kuota kwa nini, wakati mkuu wa wilaya anajua yote? Jung alielewa vizuri kilichoibiwa pale.

Kisha walishuka upande wa Uganda, wakapita Jinja, Ziwa Kyoga na Masindi, wakafika Ziwa Albert, wakashika njia ya Nile. Ng'ambo ya maji ilikuwa Congo ya Wabelgiji, na Ituri, ambako dhahabu ya Kilo na Moto ilikuwa ikichimbwa kwa jasho la watu waliolazimishwa. Katika kijiji kimoja, kati ya ziwa na Rejaf ya Sudan, chifu kijana alikuja na watu wake, wakawasha moto, ngoma ikaanza. Jung alicheza nao. Usiku ulipozidi na ngoma ikapamba moto, silaha mikononi, aliogopa. Alipiga mjeledi wake hewani, akapaza sauti na kutukana kwa Kijerumani cha kwao, huku akicheka ili wasikasirike. Watu wakacheka, wakatawanyika. Yeye aliisimulia kama hadithi ya kuchekesha. Msikilizaji wa huku anaweza kuisikia kwa sikio lingine: mgeni aliyealikwa kwenye ngoma ya wenyeji, ameshika mjeledi.

Hapo ndipo jambo lenyewe liko. Kati ya majirani zake wa Zürich, Jung aliona aina nane za watu, na alisema hata nane ni chache. Kwa Waafrika, mara nyingi aliona aina moja tu, ambayo aliiita ya watu wa mwanzo, kama vile bara zima lilikuwa utoto wa Mzungu. Aliogopa kwamba Afrika ingemmeza. Safarini aliota kinyozi mweusi aliyewahi kumnyoa Marekani, akijaribu kumfanya nywele zake ziwe kama za Mwafrika. Akaamka na hofu, akaisoma ndoto hiyo kama onyo. Hata hivyo alikuwa mkweli kiasi cha kukiri jambo moja: safari aliyoianza ili achunguze watu wengine ilikuwa imegeuka kuwa ya kujichunguza mwenyewe.

Mwaka wa 1934

Kosa hilo lilimrudia nyumbani, zito zaidi. Hitler alipochukua utawala wa Ujerumani mwaka 1933, Jung alikubali kuongoza shirika la waganga wa roho ambalo Wajerumani walikuwa na nguvu kubwa ndani yake. Mwaka 1934 aliandika makala akitenganisha roho ya Wayahudi na roho ya Wajerumani, wakati ambapo Wayahudi walikuwa tayari wanafukuzwa kazini na kupigwa barabarani. Wanaomtetea wanasema alibadilisha sheria za shirika ili waganga Wayahudi wa Ujerumani waweze kubaki wanachama. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba makala ile iliwafaa watesaji. Baada ya vita alikutana na rabi Leo Baeck, aliyetoka hai kwenye kambi ya wafungwa, na inasimuliwa kwamba mbele yake Jung alikubali kuwa aliteleza.

Ajabu ni kwamba mwaka huo huo wa 1934, kwa toleo la kitabu chake lililotoka Argentina, Jung aliandika utangulizi wa kulalamikia wasomaji wake. Walikuwa wamegeuza aina za watu kuwa vibandiko vya kubandika kwenye paji la uso. Aliuita mtindo huo mchezo wa kitoto. Kitabu, alieleza, ni cha kumsaidia munganga asipotee katika wingi wa mambo ya mtu, kama dira msituni. Kwa hiyo mwaka mmoja, mkono mmoja uliandika onyo na kosa lile lile. Kujua hatari ya kibandiko hakumzuii mtu kubandika.

Herufi nne zilitoka wapi

Zile herufi ambazo vijana wanazitaja hazikuandikwa na Jung. Mmarekani Katharine Briggs alisoma tafsiri ya 1923 na kuipenda sana. Binti yake, Isabel Briggs Myers, mwandishi wa hadithi za upelelezi, alitunga maswali wakati wa vita ya pili ya dunia, akitumaini kwamba watu watapata kazi zinazowafaa. Aina nane zikawa 16, kila moja na herufi nne. Mama na binti hawakusomea saikolojia chuoni. Leo makampuni mengi duniani yanatumia maswali hayo, lakini wachunguzi wengi wanayatilia shaka: mtu akiyajibu tena baada ya majuma machache, mara nyingi anapata herufi zingine, na watu wengi wako katikati, hawako wa ndani kabisa wala wa nje kabisa. Jung mwenyewe alisema mtu wa upande mmoja tu hayupo, na kama angekuwepo angelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Jung alizeeka kati ya Küsnacht na nyumba ya mawe aliyoanza kuijenga Bollingen mwaka 1923, isiyokuwa na umeme, ambako alipasua kuni na kuchonga mawe. Emma alikufa 1955. Aliyekuja kumtunza mzee huyo ni Ruth Bailey, yule yule wa meli ya Mombasa, na alikaa naye mpaka mwisho. Carl Jung alikufa tarehe 6 mwezi wa sita 1961, akiwa na miaka 85.

Ituri haihitaji kufundishwa na Mswisi bei ya kibandiko. Katika vita ya 1999 mpaka 2003, watu wa mji huu waliulizwa swali moja kwenye vizuizi, na jibu la neno moja lilitosha kumpa mtu uhai ao kifo. Mtu mzima, mwenye watoto, kazi, mizaha, deni na ndoto zake, aligeuzwa kuwa neno moja. Kubishana juu ya Simba hakufanani na hilo, na vijana wana haki ya kucheka na kubishana. Lakini namna ya kubishana inajifunzwa mahali fulani, na pengine filamu ya katuni ni mahali pazuri pa kuanzia.

Simba wa mwanzo wa filamu anapenda kelele. Simba wa katikati anajificha. Simba wa mwisho anarudi nyumbani akiwa na vyote viwili. Wabishi wawili wenye telefone moja wote wana haki, kila mmoja kwa dakika zake. Jung angewauliza swali moja tu: huyo Simba amekosa nini, na nani kati yenu anacho?